Mkono unaonyamazisha watu wa kwetu

 

Leo tutazungumza juu ya mchezo wa basketi. Vijana wanaujua. Wazee wengine watasema: hayo ni mambo ya watoto, sisi tuna mizigo mizito. Nawaomba mnivumilie kidogo. Katika mchezo ule kulitokea jambo ambalo linatugusa sisi tulioona vita.

Kule Marekani kuna ligi kubwa ya basketi inayoitwa NBA. Kila mwaka ekipe mbili zinazobaki zinakutana katika fainali. Fainali ile si mechi moja. Ni mechi mpaka 7, na anayetangulia kushinda 4 ndiye bingwa. Mbili za kwanza zinachezwa kwa huyu, mbili zinazofuata kwa yule, kiisha wanapokezana. Kila mmoja anaingia katika kiwanja cha mwenzake, mbele ya watu wanaomzomea, na anarudi kwake salama. Waamuzi hawatoki upande wowote. Sheria zinajulikana kabla mpira haujarushwa.

Mwaka 2019 walikutana Toronto Raptors, wa mji wa Toronto katika nchi ya Kanada, na Golden State Warriors, waliokuwa wakicheza Oakland, Marekani. Warriors walikuwa wamechukua kombe mwaka 2017 na mwaka 2018. Toronto hawakuwa wamelipata hata siku moja. Fikirini namna watu wa mji ule walivyolitamani.

Jambo la kwanza lilitokea katika mechi ya tatu, kule Oakland. Kyle Lowry wa Toronto alikimbilia mpira, akaangukia viti vya watazamaji. Mtu mmoja aliyekaa pale akamsukuma kwa mkono. Mtu yule hakuwa mtazamaji tu, alikuwa mmoja wa matajiri wenye mali ya Warriors. Lowry hakurudisha mkono. Alikwenda kumshitaki kwa waamuzi. Wakubwa wa ligi wakamtoza tajiri yule faini ya dola 500 000, wakamkataza kuhudhuria michezo yao kwa mwaka mzima. Na ekipe ya Warriors yenyewe ikamwomba Lowry radhi.

Wakubwa wa vijiji, sikieni hapa. Kijana anaweza kuzuia mkono wake kama anajua kuna mahali pa kupeleka shitaka, na kwamba sheria ya pale inafika mpaka kwa tajiri. Pale ambapo mashitaka ya maskini yanalala, kijana anatafuta panga.

Jambo la pili ndilo kubwa. Lilitokea tarehe 10 Juni 2019, katika mechi ya tano, nyumbani kwa Toronto. Toronto walikuwa wamekwisha kushinda mechi 3. Walibakiza moja tu. Kevin Durant, mchezaji hodari sana wa Warriors, alikuwa hajacheza kwa mwezi mmoja sababu ya kuumia mguu. Usiku ule alirudi uwanjani. Kwa muda mfupi tu alikuwa amefunga pointi 11. Kiisha akaanguka chini, akashika mguu. Mshipa mkubwa wa kisigino ulikuwa umekatika.

Watu wengi wa Toronto walipomwona adui yao yuko chini, walishangilia. Ndiyo, ndugu zangu, walimshangilia mtu aliyeumia. Hawakuwa watu wabaya kuliko sisi. Walikuwa na njaa ya kushinda, na aliyekuwa akiwazuia alikuwa ameanguka.

Sasa, ni nani aliyewanyamazisha? Hakuwa polisi wala mwamuzi. Walikuwa wachezaji wa Toronto wenyewe: Kyle Lowry, Danny Green na Serge Ibaka. Waligeukia watu wao, wakawapungia mikono: acheni, acheni. Kelele ile ikageuka. Durant alipokuwa akisaidiwa kutoka, watu wakampigia makofi ya heshima.

Kati ya watatu hao, Ibaka ni mtoto wa jirani. Alizaliwa Brazzaville, ng'ambo ya mto, mwaka 1989. Alipokuwa mdogo, familia yake ilikimbia vita, ikaishi Ouesso, upande wa kaskazini mwa nchi ile. Alipitia njia ambayo wengi wenu mmepitia.

Usiku ule Toronto walishindwa, 106 kwa 105. Durant alikuwa ameondoka, na wenzake wakashinda bila yeye. Kuanguka kwa mwenzako si ushindi wako. Siku tatu nyuma yake Toronto walikwenda Oakland, wakashinda 114 kwa 110, wakachukua kombe kwa kucheza.

Najua mama mmoja ananijibu sasa hivi: «Wewe, unatuletea mchezo. Mimi nimezika watoto.» Mama, una haki. Mchezo unaisha na watu wanarudi nyumbani. Vita yetu imewanyima watu nyumba ya kurudia. Sikuombi usahau, wala sikuombi useme hakuna aliyekukosea. Aliyekosa aitwe, asikilizwe, ahukumiwe. Ninaloomba ni dogo kuliko hilo, na pengine ni gumu zaidi.

Siku habari inapofika kambini kwamba kijiji cha wale wengine kimechomwa, kunatokea nini? Kijana mmoja anapiga mluzi. Mwingine anacheka. Jioni kuna wimbo. Kesho wimbo ule unafika kwa wale wengine, na wao wanauweka moyoni mpaka siku yao. Waliochomewa nyumba ni wamama na watoto, wenye sufuria moja na mkeka, kama ninyi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Kama mgeni wa shirika akisema «nyamazeni», watamwambia hajui mateso yetu. Kama mtu wa kabila lile akisema, watamzomea. Lakini akisimama mtu wa kwetu, aliyepoteza kama sisi, anayetaka haki kama sisi, akainua mkono akasema «hapana, si hivyo», nani atamwambia hajui? Mkono ule tu ndio unaosikilizwa. Na hauhitaji kuwa mkono wa mwami ao wa mwalimu. Mama anayechota maji pamoja na wengine anaweza kuuinua pale pale kisimani.

Hapo redioni tulipo hatuwezi kuuinua kwa niaba yenu. Ni wenu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Habari ya msiba wa upande mwingine inapofika kwetu, ni nani anayesema wa kwanza, na anasema nini?

2. Kijana akisukumwa na mtu mkubwa, hapa petu anaweza kumshitaki wapi? Je, anaamini atasikilizwa?

3. Ni nani kati yetu ambaye vijana wakimwona ameinua mkono, watanyamaza? Tumekwisha kuzungumza naye?