Mkulima na Utunzaji wa Ardhi: Kuamriwa au Kushirikishwa?



Mara nyingi tusemwapo sisi wakulima katika mambo ya mazingira, husemwa kana kwamba ndio maadui wa ardhi: ndio tukatao miti, ndio tuchomao mapori, ndio tulimao hadi ukingoni mwa mto. Hatukuja kukana. Yapo tuliyoyakosea, na makorongo yaliyomo mashambani mwetu ni ushahidi. Lakini twaomba tusikilizwe kwa neno moja: mkulima hakatai kutunza ardhi yake, hukataa kuamriwa na mtu ambaye mavuno yakikosekana hatalala njaa pamoja naye.

Waluguru walilionyesha hilo. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko ya milima yao, ili mvua isichukue udongo. Kusudi lenyewe halikuwa baya. Lakini udongo mwema wa milimani ni haba, na jembe lilipozama liliutoa juu ule usio na rutuba. Kazi ilikuwa nzito, tena ya shuruti. Mwaka 1955 watu wakainuka, mtu mmoja akapoteza maisha huko Matombo, na mpango ukaachwa.

Tazameni sasa Shinyanga. Nchi ile ilifyekwa miti kwa miaka mingi, ili kumfukuza mbung'o, na kwa ajili ya mashamba ya pamba na kuni. Mwaka 1986 serikali ilipoanzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, mkazo wa kwanza ulikuwa kupanda miche. Baadaye wataalamu wakatambua kwamba Wasukuma walikuwa na desturi yao wenyewe, ngitili: sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa mvua ili majani yasimame, kisha ng'ombe waingizwe kiangazi kikiwa kikali. Ndani ya ngitili visiki vya zamani vilichipua vyenyewe, pasipo mche kununuliwa. Wanavijiji walitunga sheria zao ndogo, wakosaji wakakabiliwa na mkutano wao wa jadi, dagashida, na sungusungu wakalinda. Ngitili zilizorudishwa zikafikia mamia ya maelfu ya hekta. Wataalamu walihitajika, wala hatusemi vinginevyo. Ila walifika mbali pale walipokubali kuuliza kabla ya kufundisha.

Hata hivyo, ndugu, tusijidanganye, na hapa ndipo jambo hili linapoigusa Tume ya Haki na Amani. Ngitili nyingi ni za kaya, na mwenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi ndiye mwenye ngitili kubwa. Mjane asiye na ng'ombe hana cha kufunga. Na pori alimokuwa akiokota kuni likifungwa, hana budi kwenda mbali zaidi. Miti imerudi, lakini mzigo wake kichwani umezidi. Je, alikuwako siku sheria ndogo ilipotungwa? Na kama alikuwako, aliulizwa? Sisi tunaolalamika kwamba wakubwa hawatushirikishi, twawatendea vivyo hivyo walio wadogo kwetu.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeikabidhi Halmashauri ya Kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, lakini Mkutano Mkuu wa Kijiji nao una sauti yake katika kutenga na kugawa ardhi hiyo. Sauti hiyo hupotea kirahisi: mkutano ukiitishwa siku ya gulio, akina mama wako sokoni, na wachache waliobaki huamua.

Kwa hiyo twawaomba ninyi viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo mambo mawili. Tangazo la mkutano wa kijiji lisomwe pamoja na matangazo ya Jumapili, likitaja wazi kama ardhi au msitu ni miongoni mwa ajenda. Na kila Jumuiya itazame ni wajane na vijana gani wasio na shamba, iende nao mkutanoni, ikae nao, na wanapoinua mkono ihakikishe kwamba mwenyekiti amewaona.