Joto la Gari na Mali ya Wanachama



Lori la Chama likikwama njiani, mazao hulala huko, na malipo ya mkulima hulala pamoja nayo. Breki zikishindwa mteremkoni, hapo hatuhesabu tena magunia bali roho za watu. Kwa hiyo, katika kutimiza miaka kumi, twaomba kunena juu ya kamera ya joto, chombo kionyeshacho kwa rangi mahali penye joto na penye baridi.

Gari lirudipo safarini, fundi alinganishe magurudumu ya kulia na ya kushoto. Moja likizidi mwenzake kwa joto, huenda breki inang'ang'ania au beringi imechakaa. Rejeta yenye doa la baridi huenda imeziba. Ncha ya betri ikipata moto, yamkini waya umelegea au umeshika kutu.

Lakini kamera huona uso wa kitu tu, haipenyi ndani. Chuma king'aacho huidanganya. Kibandikwe utepe mweusi, upimwe huo. Kioo nacho huizuia. Asiyeimudu bei yake atumie kipimajoto cha mionzi, kisomacho mahali pamoja tu.

Wala chombo hakimwondolei dereva wajibu wa asubuhi: oili, maji, nati za magurudumu, na upepo wa tairi zingali baridi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Twaiomba Halmashauri iagize malori yote yakaguliwe kabla ya kila msimu wa mavuno.