Kuku wa Mkata Atataga

(Maneno tuliyowaambia wanachama katika mkutano wa Tunduma)



Wazee wa pwani wana methali isemayo kwamba kuku wa mkata hatagi, na akitaga haangui, na akiangua halei. Leo tumesimama mbele yenu kuipinga methali hiyo. Wazee hawakusema uongo, walisema waliyoyaona. Lakini sisi twajua jambo ambalo wao hawakulijua. Anayemnyang'anya mkata kuku wake si bahati mbaya wala si uchawi. Ni maradhi, nayo yana jina, na yana kinga.

Jina lake ni mdondo. Wengine huyaita kideri. Nani hapa Tunduma, au Vwawa, au Kamsamba, asiyeyajua? Jioni kuku wamelala salama. Asubuhi mmoja amejikunyata, mabawa yameanguka, anaharisha kijani; mwingine shingo imepinda. Baada ya siku chache ua ni mtupu. Kuku wasiochanjwa huweza kufa 9 katika kila 10, pengine wote. Dawa ya kuwaponya hakuna, na yeyote anayewauzia dawa ya kuponya mdondo anawaibia fedha zenu.

Kinga yake ni chanjo. Ile iitwayo I-2, itumikayo sana vijijini, haina haja ya sindano: hutiwa tone 1 katika jicho 1 la kila kuku, mkubwa na kifaranga sawasawa, na hurudiwa kila miezi 3 au 4. Huvumilia joto la safari kuliko chanjo nyingine, lakini jua huiharibu; kwa hiyo hufunikwa kwa kitambaa kibichi na kuwekwa kivulini. Na ieleweke kwamba hii ni kinga, si tiba. Kuku akisha kuugua, tone hilo halimsaidii.

Mtu atatuuliza: ikiwa jambo lenyewe ni rahisi hivi, mbona kuku wetu bado wanakufa? Hapa ndipo penye neno la leo. Chupa moja ya chanjo hutosha kuku 100 au zaidi, na ikisha kufunguliwa na kuchanganywa haiwekwi akiba. Mama mwenye kuku 12 hawezi kununua chupa nzima kwa ajili ya kuku 12. Anaacha. Jirani yake naye anaacha kwa sababu ile ile. Mdondo unapita, wote wawili wanalia. Lakini nyumba 10 zenye kuku 12 kila moja zina kuku 120, na kuku 120 wanastahili chupa yao. Umoja si neno la jukwaani tu, ndugu zetu. Katika jambo hili umoja ni chupa moja na siku moja ya kuchanja.

Tumesema siku moja, nasi tunajua kwa nini. Mwaka wa kwanza katika mtaa wetu tulichanja nyumba chache tu, wengine walitucheka. Mdondo ulipoingia, kuku wetu wakubwa wengi walisalimika, lakini vifaranga walioanguliwa baada ya siku ile waliteketea, maana ugonjwa ulikuwa umejaa katika nyua za jirani. Kuku hajui mpaka wa ua. Hatukuwalaumu majirani. Tulijilaumu wenyewe, kwa kuwa hatukwenda kuwapigia hodi na kuwaeleza.

Tena sisi wa Tunduma tuna sababu ya kuwa macho kuliko wengine. Mji wetu ni mlango wa nchi. Malori yanapita, reli ya TAZARA inapita, na ng'ambo tu ndiyo Nakonde ya Zambia. Kuku nao wanasafiri katika matenga, juu ya baiskeli na mabasi. Wazee walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na methali hii sisi tunaikubali kabisa. Kuku mliyemnunua sokoni akae peke yake wiki 2 kabla ya kuchanganywa na wenzake. Vifaranga wa magendo tuwaache. Mwezi wa Oktoba 2017 vifaranga 6,400 waliotoka Kenya bila kibali walichomwa moto huko Namanga. Hasara ya namna ile tusijitafutie.

Na lipo jambo la aibu, lazima tuliseme. Mtu akiona kuku wake wameanza kusinzia, huwakimbiza sokoni awauze upesi kabla hawajafa. Huyo anampelekea ndugu yake msiba ndani ya tenga. Kuku aliyekufa kwa mdondo azikwe au achomwe, asitupwe njiani.

Wakisha kupona mdondo, malezi si kazi kubwa. Mtetea wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15, huatamia siku 21, kisha huzunguka na watoto wake miezi miwili au zaidi bila kutaga. Vifaranga wake wakikingwa chini ya tenga, mwewe hawapati, na baridi yetu ya Juni na Julai haiwaui ovyo. Wapewe maji safi, pumba, mashudu ya alizeti na mchwa. Mahindi yaliyoota ukungu wasipewe, yana sumu. Na wajengewe kibanda chao. Kulala nao chumbani si afya.

Tumalizie na swali la haki. Nyumba nyingi kuku ni wa mama mpaka siku ya kuuzwa. Siku hiyo anakuwa wa baba. Mabwana, tuache. Anayeamka kuwafungulia ndiye wa kuamua fedha zake. Wala mayai yote yasiishie stendi kwa wasafiri. Katika mkoa jirani wa Rukwa, ambao una mahindi tele, upimaji wa 2022 ulionyesha kwamba karibu nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa. Tumbo lililojaa ugali mtupu si tumbo lililoshiba. Yai la mtoto litoke kwanza, ndipo tuhesabu ya kuuza.

Tangu Uhuru wa 1961 tumefundishwa kuwataja maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Wote watatu wanalala katika banda la kuku. Basi kila nyumba 10 ziandike idadi ya kuku wao wiki hii, zimchague mtu mmoja wa kwenda kwa mtaalamu wa mifugo, na zichange fedha za chupa. Siku za kuchanja ziwe Januari, Mei na Septemba, kila mwaka, bila kungoja kuona kuku anasinzia.

Asiye na kuku leo naye achange kidogo. Kesho atapewa mtetea.