Kuvua Trauti katika Milima ya Iringa na Mbeya

Leo nataka kuwaelezeni habari za safari ya miguu, mzigo ukiwa mgongoni, ya kwenda kuvua samaki aitwaye trauti. Labda mmoja wenu atauliza: kuvua nako kwahitaji shauri? Kwa kambale wa bondeni, chukua ndoana yako uende. Lakini trauti ndiye anayemchagulia mvuvi mahali, majira, na hata namna ya kutembea.

Kwanza, mahali. Trauti si mwenyeji wa Afrika Mashariki. Kenya aliletwa mwaka 1905 kutoka Uskoti. Na hapa kwetu aliletwa wakati wa utawala wa Waingereza. Trauti wetu ni yule wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni mito ya magharibi ya Marekani. Hupenda maji ya baridi, safi, yaendayo mbio, maana ndiyo yenye hewa nyingi. Joto la maji likizidi digrii 20 huanza kutaabika. Basi hukaa juu tu: Mufindi, penye mashamba ya chai, na Kitulo, uwanda ulio karibu mita 2,600 juu ya bahari. Atokaye Iringa kwenda Mufindi hupitia Mafinga. Aendaye Kitulo aweza kupanda kutoka Chimala kwa njia iitwayo Hamsini na Saba, kwa hesabu ya kona zake, mpaka Matamba.

Pili, ruhusa. Kitulo ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2005. Imekupasa kuuliza ofisini kabla ya kutia mshipi majini. Na mahali penye mashamba, mwombe mwenyewe.

Tatu, majira. Tangu Novemba mpaka Aprili mvua hunyesha, na mito hujaa matope. Maji hutakata mvua zikiisha. Lakini Juni na Julai usiku ni wa baridi kali, na asubuhi majani huwa meupe kwa jalidi. Kwa hiyo chukua blanketi mbili, koti la mvua, hema, kibiriti ndani ya kopo, na chakula cha siku moja zaidi ya hesabu yako. Mwambie mtu kijinitu njia utakayoishika na siku utakayorudi, tena uende na mwenyeji. Ukungu ukishuka ghafula, usitafute njia kwa kubahatisha. Keti, vaa nguo zako zote, ungoje.

Nne, vyombo. Trauti huyu hula wadudu. Mvuvi huchukua ufito mwembamba upindikao, na mwisho wa mshipi hufunga ndoana ndogo iliyovikwa manyoya na nyuzi hata ikafanana na nzi. Nzi huyo ni mwepesi mno, hawezi kurushwa peke yake. Uzito wa mshipi ndio umpelekao. Na kwa kuwa trauti huelekeza kichwa mkondo utokako, mnyemelee kutoka chini, taratibu, umeinama, kivuli chako kisianguke majini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Sasa nasema neno lililo kubwa kuliko samaki. Trauti jike hufukua changarawe akataga mayai yake ndani. Watu wakilima mpaka ukingoni, mvua huteremsha udongo, ukafunika changarawe, na mayai hufa kwa kukosa hewa. Tena miti ya kando ikikatwa, jua huyapasha maji moto. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi ziwezazo kuharibu mto ndani ya mita 60 za ukingo wake. Wala faida si ya trauti peke yake: vijito vya Kitulo huingia Ruaha Mkuu, mto unyweshao mashamba ya mpunga ya Usangu, kisha ukaendesha mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu.

Tena msichukue trauti hai kuwatia katika kijito kingine. Ni mgeni mlafi, naye aweza kumaliza viumbe wadogo wa asili.

Basi, kabla ya kufunga mzigo, ulizeni: twaenda wapi, kwa ruhusa ya nani, katika mwezi gani, na nani ajua siku ya kurudi kwetu? Mkiwa na majibu manne, shikeni njia. Safari njema, na kwaherini.