Mboni nyeupe haingoji

Mwaka 2019 waliopona Ebola walipimwa macho huku Beni, na wengi tukajua kwamba ugonjwa unaweza kujificha ndani ya jicho. Kansa nayo hujificha humo. Retinoblastoma huwashika watoto, mara nyingi kabla ya miaka 5: mboni inang'aa nyeupe kwenye picha ya simu, au jicho linaenda upande. Nyumbani tunasema, atakua, litanyooka. Halitanyooka. Uvimbe hufuata neva ya jicho hadi ubongoni, na hapo linalotafutwa ni uhai tu. Ndiyo maana daktari mara nyingi hushauri jicho litolewe kabla haujafika huko, nasi tunamkimbia! Hospitali ya macho ya Ruharo, Mbarara nchini Uganda, inatibu kansa hii. Njia ya kufika huko ni Kasindi mpakani, kisha Kasese. Na ugumu wa barabara ya Beni–Kasindi, wasikilizaji, mnaujua wenyewe.