Kuchagua Shule ya Msingi Katika Mtaa Wenye Watu wa Kila Namna



Nimeombwa nizungumzie swali ambalo wazazi hutuuliza kila inapokaribia Januari: mtoto aandikishwe shule ipi?

Katika mji kama Arusha, nyumba moja ya kupanga huweza kuwa na Mmeru, Mchaga, Mrangi na Msomali, Mkristo na Mwislamu wakichota maji bomba moja. Jioni watoto wao hucheza pamoja. Asubuhi huachana: mmoja hupanda basi la shule ya Kiingereza, mwingine hutembea kwenda shule ya serikali.

Wakati wa ukoloni shule zetu ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Mgawanyo huo ulifutwa mwaka 1962. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ikawafungulia mlango watu binafsi na mashirika kuanzisha shule za msingi. Hilo si baya. Lakini tuangalie tusiwagawe watoto upya, safari hii kwa mfuko wa mzazi.

Simlaumu mzazi anayelipa ada. Anajua kuwa sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na ameona darasa lenye watoto zaidi ya mia, wakati kiwango ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja. Ninachoomba ni achague kwa kukagua, si kwa kufuata basi na sweta.

Mzazi aitembelee shule siku ya masomo na aangalie yafuatayo:

1. Je, walimu wako darasani, na mtoto wa Darasa la Tatu anasoma na kuelewa?
2. Je, vyoo vinatosha? Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25.
3. Je, kamati ya shule inakutana, na mapato na matumizi yanabandikwa ubaoni?
4. Je, watoto wa dini na makabila yote wanatendewa sawa, hata katika kipindi cha dini na adhabu?
5. Je, ataweza kulipa ada, nauli na chakula hadi mtoto amalize?

Matokeo ya mtihani yasomwe kwa uangalifu. Shule inayochuja watoto kwa usaili mlangoni itakuwa na wastani mzuri hata kama ufundishaji wake ni wa kawaida.

Sasa nije kwetu. Ada katika shule za msingi za serikali ilifutwa mwaka 2001, na michango ya lazima ikaondolewa mwaka 2016. Wengi hudhani shule hizo hazihitaji kitu tena. Sivyo. Ada ya mwaka ya mtoto mmoja katika shule nyingi binafsi inaweza kununua madawati kadhaa. Tena, wazazi wenye nafasi wanapoondoa watoto wao, huondoka pia na maswali waliyokuwa wakiuliza kwenye kikao cha wazazi. Wanaobaki ndio wasio na pa kwenda.

Kwa hiyo naomba kila kamati, kabla ya kupitisha maombi ya ada, itume wajumbe wawili kwenye shule ya mtaa wake, wazungumze na Mwalimu Mkuu, walete taarifa ya kinachopungua. Na waumini wenye watoto katika shule hizo wagombee ujumbe wa kamati ya shule, wakiwa bega kwa bega na majirani wa dini nyingine.