Mgeni wa Miguu ni wa Kijiji Kizima

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Marani)



Akina mama, wazee na vijana, asanteni kwa kuacha majani chai na kuja. Sitawachosha.

Leo tuongee juu ya wageni wanaotembea kwa miguu. Watalii wengi huenda Maasai Mara na pwani. Lakini wako wachache wanaopenda kupanda vilima na kulala vijijini, kama wale wawili waliopita hapa wakielekea Manga. Mnakumbuka yaliyotokea. Mama mmoja aliwalaza, akapata pesa kidogo. Majirani wakanuna, na kikundi hakikukutana miezi miwili. Wageni wenyewe walikuwa wameshaenda! Mama yule hakukosa. Kosa ni letu sote, hatukuwa tumepatana.

Sasa sikieni habari za Ladakh, kaskazini mwa India, kwenye milima ya Himalaya. Vijiji vingi viko juu zaidi ya mita 3,000, na wako watu wengi wa dini ya Budha. Wanalima shayiri na kufuga kondoo na mbuzi. Chui wa theluji aliingia zizini akaua mifugo, nao watu wakamwua kwa hasira. Wapanda milima walipita na mahema na chakula chao, wenyeji wasipate kitu.

Mwaka wa 2002, shirika la Snow Leopard Conservancy lilisaidia wanakijiji kuanza kupokea wageni nyumbani kwao. Hawakujenga hoteli. Mgeni analala chumba safi cha kawaida na kula chakula cha nyumba ile. Akina mama ndio wanaoendesha kazi. Nyumba zinapokea kwa zamu, na sehemu ya mapato inaingia mfuko wa kijiji. Hata yule chui sasa ana faida, kwa maana wageni wanatoka mbali wakitumaini kumwona.

Je, zamu ni jambo geni kwetu? Hata kidogo. Mama zetu walikuwa na egesangio: leo tunapalilia wimbi kwako, kesho kwangu. Hii ni egesangio ya wageni, basi.

Kabla mgeni mwingine hajafika, tupatane hivi:

1. Katibu aandike nyumba zote na zamu zake. Asiruke mtu.
2. Bei iwe moja.
3. Sehemu ya pesa iende kwa mweka hazina, naye atoe risiti.
4. Choo kiwe safi, maji yachemshwe. Chakula ni chetu: obokima ya wimbi, chinsaga, ndizi.
5. Mjane asiye na chumba cha mgeni auze mboga na mayai kwa nyumba yenye zamu. Naye ni wa kikundi.

Neno la mwisho: mtu asikope pesa ajenge chumba cha wageni. Hawaji kila wiki. Chai na ng'ombe ndio wanaolipa karo, mgeni ni nyongeza tu.



Maswali ya kujadili kikundini:
– Ni nani kati yetu anayeweza kuachwa nje ya zamu? Kwa nini?
– Pesa za mfuko zitafanya kazi gani kwanza?